Gemu za Kaseti Dirishani: Simu Zaingia Jikoni

Moshi haukutoka kwenye gemu!

Ndiyo, wewe. Wewe uliyekunja gazeti wiki iliyopita ukamwambia jirani yako, "Nilijua tu, kitu cha zamani ukikipaka rangi mpya lazima kiungue." Kamwombe jirani radhi. Ni kweli Bingwa alibonyeza swichi. Ni kweli moshi ulifuka, Mwanachuo akapiga ukelele na Daktari wa Meno akawa mtu wa kwanza kufika mlangoni. Lakini moshi ule ulitokea nyuma ya kaunta, kwenye ekstensheni, pale ilipochomekwa presha kuka ya umeme.

Presha kuka ya nani?

Ya Asilimia!

"Chomoa!" Bingwa alipaza sauti. "Chomoa hicho kitu chako!"

Asilimia alichomoa. Tundu la ekstensheni lilikuwa limeyeyuka kama mshumaa. Ekstensheni moja ilikuwa imebebeshwa televisheni, feni, gemu na presha kuka, na hata punda ana kiwango chake.

"Huu si moshi," alisema Asilimia, akiupepea kwa mkono. "Asilimia tisini ni vumbi."

"Na hiyo kumi iliyobaki?" akauliza Shangazi kutoka kwenye kiti chake.

"Ni moshi, Mama. Lakini kidogo."

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana na watu hawa, karibu, sogea nikuoneshe nani ni nani. Shangazi ndiye mwenye duka la vifaa vya umeme pale kwenye kona. Mtaa mzima unamwita Shangazi, hata wazee wanaomzidi umri. Amechoka kusimama kaunta, miguu inamvimba, na sasa anatafuta mtu wa kumkabidhi funguo.

Watu wenyewe ni wawili. Wa kwanza ni Asilimia, binti yake wa kumzaa, msomi wa biashara, ambaye hawezi kukuambia mvua inanyesha bila kutaja asilimia. Yeye anataka dirisha la mbele lijae presha kuka. Wa pili ni Bingwa, mtoto wa kaka yake Shangazi, ambaye hajawahi kuwa bingwa wa chochote isipokuwa gemu za kaseti, zamani zile alipokuwa na meno ya utoto. Gemu hizo zimetengenezwa upya, kijivu kile kile, vitufe vile vile vyekundu, na Bingwa ameapa kwamba zikikaa dirishani watu watazigombania.

Binti anasema hakuna soko. Mpwa anasema soko lipo, limelala tu.

Shangazi akawakatia shauri hivi: watakaribishwa watu watatu kutoka mtaani, wasio ndugu wala marafiki wa yeyote. Ndio hao Dereva wa Teksi, Daktari wa Meno na Mwanachuo. Simu zao zitawekwa pembeni. Wakicheza mpaka duka lifungwe kwa chakula cha mchana bila hata mmoja kudai simu yake, funguo ni za Bingwa. Mmoja tu akidai, funguo ni za Asilimia.

Sasa twende.

Bingwa alihamishia televisheni na gemu kwenye soketi ya ukutani. Asilimia naye, kwa sababu hakutaka presha kuka yake ionekane na hatia, akaichomeka kwenye soketi nyingine kando ya kaunta. Taa yake ndogo ikawaka kijani.

"Mnaona? Nzima kabisa," alisema.

"Kama ni nzima, basi ifanye kazi," alisema Shangazi. "Simu zote ziingie humo. Ina kifuniko, haina haja ya mlinzi."

Dereva wa Teksi aliitazama simu yake kama mtu anayemsindikiza mtoto shule ya bweni. Akaibusu. Akaiweka. Daktari wa Meno akaweka yake. Mwanachuo, msichana aliyekuja kununua waya wa chaji na kujikuta kwenye mtihani, aliweka ya kwanza, kisha Shangazi akamkazia macho mpaka akatoa na ya pili.

Kifuniko kikafungwa.

Bingwa akabonyeza swichi tena. Kila mtu alirudi nyuma hatua moja.

Televisheni ikaguna, ikawa nyeusi, ikawa ya bluu, halafu mbuzi wawili wakatokea chini ya mlima. Mmoja mwekundu, mwingine wa kijani. Muziki ukaanza, ule wa kengele zinazokimbizana.

"Hii picha imeharibika?" Mwanachuo aliuliza.

"Haijaharibika. Ndivyo ilivyo."

"Mbona mbuzi ana pembe nne?"

"Mbili ni masikio," Bingwa alisema, jasho likimtoka.

Asilimia alicheka kicheko kimoja kifupi, cha mtu anayezihesabu funguo ambazo bado hajapewa.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mbuzi anapanda mlima. Mawe yanaporomoka. Ukipigwa na jiwe unapoteza uhai, na una uhai tatu tu. Ukimaliza zote unarudi chini kabisa, hata kama ulibakiza mruko mmoja kufika kileleni. Hakuna kuhifadhi ulipofikia, wala hakuna kulipia uhai wa ziada.

Dereva akashika padi ya kwanza ya kuchezea, Mwanachuo ya pili.

Mbuzi wa Dereva alikufa papo hapo.

Wa Mwanachuo alikufa akimcheka wa Dereva.

"Hiki kitufe hakifanyi kazi!" Dereva alilalamika.

"Unabonyeza cha kusimamisha, kaka."

"Mimi naendesha gari miaka yote, sishindwi na mbuzi. Anza upya."

Wakaanza upya. Wakafa upya. Daktari wa Meno, mtu mpole, anayesema "samahani" kabla ya kukung'oa jino, alisogea akasimama nyuma yao. Akakunja mikono. Akaikunjua.

"Ruka," alisema kwa sauti ya chini. Kisha, "Ruka sasa." Kisha, kwa sauti ambayo wagonjwa wake hawajawahi kuisikia, "RUKA, MWANAMUME!"

Jiwe likampiga mbuzi wa Dereva.

"Toka hapo," alisema Daktari. "Huna mkono. Nipishe."

Asilimia aliacha kucheka.

Aliona kabisa jahazi linazama, na yeye si mtu wa kukaa akaangalia maji yanaingia. Aliingia stoo na simu yake mwenyewe, akafungua programu ya kuita usafiri, akaagiza teksi. Mahali pa kuchukuliwa abiria: dukani kwa Shangazi. Safari: ndefu ajabu, ya kuvuka mji wote.

Mara simu ikaita ndani ya presha kuka. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa kabatini.

Dereva alisimama wima. "Hiyo yangu. Hiyo ni safari!"

Bingwa akafumba macho. Shangazi akanyoosha mkono kwenye mkufu wa funguo uliokuwa mapajani mwake. Asilimia akajitokeza mlangoni mwa stoo, uso umetulia kama maji mtungini.

Dereva akaitazama presha kuka. Akaitazama televisheni. Daktari alikuwa ameshapanda nusu ya mlima, na zamu iliyofuata ilikuwa ya nani?

Ya Dereva.

"Kichaa gani huyo anavuka mji mchana huu na foleni hii?" alisema, akaketi. "Acha iite."

Asilimia alirudi stoo kama amepigwa kibao. Lakini hakukata tamaa. Alipiga simu kliniki ya Daktari, akabana pua, akasema anaumwa jino, jino limeoza, anakufa. Mhudumu wa kliniki akampigia Daktari. Presha kuka ikaita tena, safari hii kwa mlio wa ndege wanaolia asubuhi.

"Daktari, simu," Asilimia alisema kwa huruma kubwa. "Labda kuna mtu anaumwa."

"Jino limemuuma wiki nzima akaja kulikumbuka leo?" alijibu Daktari bila kugeuka. "Ajisukutue kwa maji ya chumvi. Binti, sogea, unanizibia mlima."

Ndugu msomaji, kuna hasira za kupiga kelele na kuna hasira za kuegemea kitu. Asilimia aliegemea kaunta. Kiwiko chake kikatua juu ya presha kuka, upande ule wenye vitufe.

Tiii!

Hakuna aliyesikia, muziki wa mbuzi ulikuwa juu. Hata yeye hakusikia. Kifuniko kikajizungusha chenyewe kama macho ya mlevi, kikabana. Kwenye kioo kidogo cha mbele yakatokea maandishi mekundu:

MAHARAGE.

Aliyeyaona ni Bingwa.

Aliyasoma mara ya kwanza akadhani ni macho yake. Akayasoma tena. Simu nne za watu zilikuwa zimefungiwa kwenye chungu kinachojiandaa kupika maharage, na chungu kimechomekwa.

Afanye nini?

Akisema, wote wataruka na kudai simu zao. Mtihani umekwisha, funguo zimekwenda, dirisha limejaa presha kuka mpaka siku ya kiyama. Akinyamaza, saa ya ukutani ilikuwa inasogea kuelekea chakula cha mchana. Avumilie kidogo tu, ashinde. Simu? Simu zitajulikana huko mbele. Na aliyebonyeza si yeye!

Alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anatazama mbuzi.

Alimtazama Mwanachuo, ambaye alikuwa anacheka mpaka machozi, na ambaye dakika chache nyuma alikuwa amemweleza kwamba kazi yake yote ya chuo imo kwenye simu moja, na picha zote za marehemu bibi yake zimo kwenye ile nyingine.

Bingwa akaipa mgongo saa ya ukutani. Funguo zikamponyoka hivi hivi, akiziona.

"Jamani!" alipiga kelele. "Simu zinaiva!"

Watu wakaganda. Mbuzi tu ndiye aliyeendelea kuruka.

"Zinafanya nini?" Mwanachuo aliuliza.

"Zinaiva! Presha kuka imewaka! Imeandika maharage!"

Asilimia aligeuka, akaona, akapiga yowe lisilo na asilimia yoyote. Akavuta kifuniko. Kifuniko kikagoma. Bingwa akavuta kutoka upande wa pili. Wakavutana wao kwa wao, chungu katikati, kama watoto wanaogombea mto wa kulalia.

"Chomoa waya kwanza!" alifoka Bingwa.

"Nachomoa! Wewe achia!"

"Achia wewe!"

Mwanachuo alikuwa ameshafika kaunta kwa mruko mmoja, analia, "Bibi yangu! Bibi yangu yumo humo!" na mpita njia aliyesikia maneno hayo dirishani akakimbia kuwaambia wenzake kwamba dukani kwa Shangazi kuna bibi anapikwa.

Na Dereva je?

"Zimeiva kiasi gani?" aliuliza, macho kwenye televisheni.

"Kaka, simu yako inaungua!"

"Nimeuliza zimeiva kiasi gani. Kama bado kidogo, ngoja nimalize huu mlima."

Waya ukachomolewa. Taa ikazimika. Kifuniko kikajifikiria, kikalegea, na Asilimia akakiinua huku amegeuza uso pembeni kama mtu anayefungua kaburi.

Simu zilikuwa na joto la mayai yaliyotoka chini ya kuku. Joto tu, basi. Mwanachuo alizikumbatia kifuani, akawasha moja, akawasha nyingine, bibi akatokea akitabasamu na kitambaa chake kichwani. Mwanachuo akakaa chini sakafuni, akalia vizuri sasa, kilio cha raha.

"Nimedai simu," alisema alipopata pumzi. "Samahani. Najua nimekuharibia."

"Hapana," Bingwa alisema. "Usingekuwa mtu kama usingedai."

Asilimia alifungua mdomo kudai ushindi wake. Akamtazama binamu yake. Akaufunga tena. Kulikuwa na kitu kimemzuia, na mimi nadhani kilikuwa aibu, ingawa yeye angesema ni aibu kwa asilimia arobaini.

"Mama," alisema hatimaye, "ile teksi niliagiza mimi."

"Najua."

"Na jino nilikuwa mimi."

"Mwanangu, ukibana pua unasikika kama baba yako. Ningekosaje kujua?" Shangazi alijiweka sawa kitini. "Haya, mambo ya simu tuyaache. Nina swali moja tu, na ndilo nililotaka kuuliza tangu mwanzo. Mmecheka, mmetukanana, mmesahau kazi zenu. Nani kati yenu atatoa pesa mfukoni anunue gemu hii apeleke kwake?"

Wote watatu wakatazama sakafu.

Kama watu wa msibani mtu anapouliza nani atalipia gari.

Mwanachuo akajifuta pua. "Mimi ningenunua... kama ingekuwa ndani ya simu."

"Mimi nyumbani televisheni si yangu," alisema Dereva. "Ni ya mke wangu na mama yake. Mimi huwa naisikia tu nikiwa chumbani."

Daktari aliweka padi chini polepole. "Gemu ni nzuri sana," alisema. "Lakini nikifika nayo nyumbani, nitacheza na nani? Hapa nilikuwa napiga kelele kwa sababu huyu bwana hajui kuruka. Peke yangu nitampigia nani kelele?"

 Bingwa alikwenda kukaa kwenye benchi mbele ya televisheni, mabega yamemshuka. Miezi yote ile amebishana na watu kuhusu vitufe, rangi, muziki, na vyote vilikuwa sahihi. Muziki ulikuwa ule ule. Kijivu kilikuwa kile kile. Kumbe kuna kitu hakikufungashwa kwenye boksi, naye hakujua akiagize wapi.

Ndipo likatokea jambo ambalo hata mimi ninayewasimulia sikulitegemea.

Asilimia akazunguka kaunta. Akaketi kwenye benchi, pembeni ya Bingwa. Akaokota padi.

"Mwekundu ni wangu," alisema.

Bingwa akamgeukia. "Unakumbuka?"

"Nani aliyekuwa anakushinda humo stoo, juu ya maboksi ya balbu? Asilimia sabini ya mechi zote."

"Uongo! Ulikuwa unanifinya!"

"Kufinya hakukukatazwa. Cheza, acha maneno."

Wakacheza. Mwanzo kwa heshima, kisha kwa viwiko, kisha Asilimia akamfinya kweli na Bingwa akapiga kelele kama mtoto wa darasa la pili, na Dereva akashangilia mpaka watu waliokuja kumuona bibi anayepikwa wakajazana mlangoni wakasahau kumuulizia.

Daktari wa Meno aliwatazama wale wawili kwa muda. Kisha akachukua simu yake yenye joto, akatoka hadi kizingitini, akapiga.

"Kaka," alisema. "Ni mimi... Hapana, hakuna aliyefariki. Lazima afariki mtu ndio nikupigie? ... Sikiliza. Jioni upo? ... Nakuja. Naleta kitu. Andaa televisheni."

Akarudi kaunta. "Nifungieni moja."

Bingwa aliruka juu kama mbuzi wa kijani. "Imeuzwa! Shangazi, soko lipo!"

"Mmoja kati ya watatu," Asilimia alisema bila kuacha kubonyeza. "Theluthi moja. Na huyo ni daktari, ana uwezo. Usishangilie."

"Hata hivyo soko lipo!"

"Lipo kama jino la mwisho la kibogoyo, binamu."

Shangazi alicheka mpaka kiti kikalia. Hawajamsikia akicheka hivyo tangu lini? Hawakumbuki. Akainuka kwa shida, akishikilia kaunta, akaja mpaka kwenye benchi.

"Sogeeni," alisema. "Bingwa, nipe na mimi hicho kidude."

"Shangazi, wewe?"

"Kwani mimi sina vidole?"

Akaketi katikati yao, mkufu wa funguo bado uko mapajani. Bingwa akamwonesha kitufe cha kurukia. Mbuzi wa kwanza akafa. Wa pili akafa. Wa tatu, uhai wa mwisho, akashika njia, akaruka jiwe, akaruka la pili, watu mlangoni wakaanza kuhesabu mawe kwa sauti.

Honi ikalia nje.

Honi nzito, ya gari kubwa. Watu mlangoni wakapasuka katikati, na lori likarudi kinyumenyume mpaka karibu na kizingiti, likazima.

Rangi ikamtoka Bingwa. Rangi ikamtoka na Asilimia pia, na kila mmoja akaona ya mwenzake ikitoka.

"Umeagiza mzigo?" Bingwa alinong'ona. "Umeagiza hizo sufuria kabla Shangazi hajaamua?"

"Mimi? Wewe ndiye umeagiza gemu! Naapa sijaagiza kitu!"

"Hata mimi naapa!"

Mwanamume mwenye aproni ya kazi akashuka, akafungua mlango wa nyuma wa lori. Wote wakanyoosha shingo.

Lori lilikuwa tupu.

"Hodi humu," alisema yule mwanamume, akivaa glavu. "Tumekuja kubeba. Tuliambiwa tuanze na dirisha la mbele, halafu rafu, halafu kaunta."

"Kubeba nini?" Asilimia aliuliza kwa sauti nyembamba. "Nani kawaambia?"

"Mwenye duka. Si limeshauzwa?" Akaelekeza kidevu kwenye benchi. "Mama huyo hapo ndiye aliyetuita."

Bingwa na Asilimia wakageuka kwa pamoja.

"Mama?"

"Shangazi?"

Shangazi hakuondoa macho kwenye televisheni. Mbuzi alikuwa karibu na kilele, jiwe kubwa kuliko yote likiporomoka kumfuata.

"Subirini kwanza," alisema. "Nimebakiza uhai mmoja."